BWAWA LA SAMAKI UANI NI AMANA
Usafi wake na utunzaji wake katika nyumba ya Kiislamu

Nyumba ya Mwislamu haikamiliki kwa kuta na mapaa tu. Ndani yake mna watu wenye haki zao, na nje yake mna jirani mwenye haki zake. Na mara nyingi uani mna viumbe wasioweza kusema, kuku, mbuzi, njiwa, nao pia wana haki zao juu yetu. Mwezi huu twapenda kuzungumza khabari za kiumbe aliye mnyonge kuliko hao wote, kwani kuku akiona njaa hulia, na mbuzi akiona kiu hukata kamba akaenda zake. Lakini samaki aliyetiwa ndani ya bwawa hana sauti ya kulalamika wala mguu wa kukimbilia. Yumo mikononi mwetu kabisa. Tukimtunza atatupa kitoweo cha halali na chumo jema. Tukimpuuza atakufa kimya kimya, na sisi tutaulizwa.

Twaandika haya kwa sababu mabwawa ya uani yanazidi kuwa mengi, bara na pwani, na vijana wengi wayachimba kwa bidii na furaha. Walakini kuchimba ni kazi ya siku chache, na kutunza ni kazi ya kila siku. Wengi wetu twaiweza ile ya kwanza na kushindwa na hii ya pili.

MAFUNDISHO YA ZAMANI

Kufuga samaki katika nchi zetu si jambo la jana. Tanganyika majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza mwaka 1949, huko Korogwe katika mkoa wa Tanga na Malya upande wa Mwanza. Kenya nayo ilianzisha kituo cha Sagana mwaka 1948. Watu wakaipenda kazi hii, hata ilipofika mwaka 1968 mabwawa yaliyokwisha kuchimbwa Tanzania yalihesabiwa kufika 8,000. Hiyo ni hesabu kubwa. Lakini mengi katika hayo hayakutoa samaki wa kutosha, kwa ukame, na kwa uchache wa maarifa, na kwa kukosa utunzaji. Tena mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo ya uchaguzi 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa la mita 300 za eneo. Hapo pia walikuwako waliofanikiwa, na walikuwako wengi ambao mabwawa yao yalimezwa na majani mara baada ya vifaranga na chakula cha bure kwisha. Hivi twaona kuwa kosa halikuwa katika ardhi wala katika samaki, bali aghalabu lilikuwa katika mikono yetu.

Na wazee wetu wa pwani walijua zaidi ya haya tunayoyadhania. Katika nyumba za mawe za Lamu palikuwa na birika la maji, na ndani ya birika wakatia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, wakajengea bakuli la kauri la Kichina. Kwa nini? Kwa sababu birika lilihitaji kusafishwa, na maji yalipotolewa yote, bakuli lile lilibaki na maji yake, na samaki wakapata mahali pa kukaa mpaka kazi iishe. Tazama, ewe kijana, jinsi watu hawa walivyofikiri. Hawakusema, "Tusafishe, na samaki wafe." Wala hawakusema, "Tusisafishe, maana samaki watakufa." Walifikiri juu ya usafi na juu ya uhai kwa pamoja, tena kabla ya fundi hajaweka jiwe la kwanza. Katika makala haya yote hatuna fundisho lililo bora kuliko bakuli lile.

KOSA LETU WENYEWE

Tusionekane kuwa tunawafundisha wenzetu ilhali sisi tumesalimika. Kosa kubwa tulilifanya sisi wenyewe, na twalieleza ili mwingine asilirudie.

Tulichimba bwawa nyuma ya nyumba yetu, mita kumi kwa mita kumi, tukatia vifaranga wa sato wapatao 200. Miezi mitano ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa sita ilikuwa tuoze binti katika jamaa yetu, na tukatia nia kuwa karamu iwe na samaki wa bwawa letu. Kwa pupa ya kutaka wanenepe, tukazidisha pumba mara mbili, na kinyesi cha kuku tukamwaga mabeseni kwa mabeseni. Ilikuwa masika, na mawingu yalifunika jua siku nyingi mfululizo.

Siku mbili kabla ya msiba, mtoto wetu wa miaka minane alikuja kutuambia, "Baba, samaki wanapiga miayo." Tulicheka. Tukamwambia, "Mwanangu, hao wana njaa. Waongezee pumba." Naye kwa utiifu wake akachukua kopo akaenda kuwaongezea.

Asubuhi ya siku ya tatu, tuliporudi kutoka sala ya Alfajiri, tulikuta bwawa limekuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Waliobaki hai walikuwa wachache, wamekusanyika penye bomba la kuingizia maji, midomo juu, wakihema. Mtoto alisimama ukingoni na kopo lake mkononi, akauliza, "Baba, ni mimi niliowaua?"

Hatukuwa na jawabu ila kumwambia kweli: kwamba yeye aliona na sisi hatukuona, kwamba alitupa khabari sahihi na sisi tukampa amri mbaya. Samaki wale hawakufa kwa njaa. Walikufa kwa wingi wa riziki tuliyowamwagia bila ya kipimo. Na sisi ambao kila Ijumaa twasikia mimbarini makatazo ya israfu, tulidhani israfu ni ya sahani zetu tu.

Tangu siku ile tumejifunza kwa kusoma, kwa kuuliza mabwana samaki, na kwa kuangalia. Haya yafuatayo ni baadhi ya tuliyojifunza.

MAJI YANA PUMZI

Jambo la kwanza la kulifahamu ni hili: samaki huvuta pumzi ndani ya maji, na hewa iliyomo majini ina kiasi chake. Maji mazuri ya bwawa huwa na rangi ya kijani hafifu, kwa sababu ya vimea vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Vimea hivi ni chakula cha samaki, na tena mchana, kwa nguvu ya jua, hutoa hewa ya oksijeni majini. Lakini usiku mambo hugeuka: vimea vyenyewe huitumia hewa ileile, na samaki huitumia, na uchafu unaooza chini huitumia pia. Kwa hiyo saa ambayo hewa ni chache kuliko saa zote ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mawingu yakifunika siku nyingi, vimea havitoi hewa ya kutosha mchana. Chakula kilichosalia kikioza, huila ile kidogo iliyopo. Na hapo samaki hupanda juu kutafuta pumzi. Hiyo ndiyo "miayo" aliyoiona mtoto wetu.

Basi ni bahati njema kwa Mwislamu kwamba dini yake imekwisha kumwamsha katika saa hiyo. Anayetoka katika sala ya Alfajiri na apite bwawani kabla ya kurudi ndani. Akiwaona samaki wametulia chini, amshukuru Mola wake. Akiwaona wako juu wanahema, asiwape chakula wala mbolea siku hiyo. Na aingize maji mapya, tena ayaangushe kutoka juu ili yapige kelele na kutoa povu, kwani maji yanayoanguka huchukua hewa. Asiye na bomba ateke kwa ndoo, amwage kwa juu, tena na tena, yeye na watoto wake, mpaka jua lipande.

KIPIMO CHA MKONO

Kwa kujua kama maji yamezidi ukijani au yamepungua, hapana haja ya chombo cha fedha nyingi. Mwenyezi Mungu amekupa mkono. Utumbukize majini taratibu, kiganja kikiwa wazi, huku ukikitazama. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamekaribia kiwiko, maji hayo ni mazuri. Kikipotea mapema, maji hayajapita hata kifundo cha mkono, basi ukijani umezidi: acha mbolea, punguza chakula, na badilisha sehemu ya maji. Na ukiona vidole vyako waziwazi hata maji yamepita kiwiko, basi bwawa lina njaa, na kidogo cha mbolea chafaa. Lakini angalia: maji yakiwa ya rangi ya udongo baada ya mvua, kipimo hiki hakikwambii kitu, ngoja yatulie kwanza. Na ukiisha, uoshe mkono kwa maji safi na sabuni.

Mbolea isimwagwe ovyo kama tulivyofanya sisi. Itiwe ndani ya gunia lenye matundu, ifungwe pembeni mwa bwawa, au izungushiwe uzio wa fito katika kona moja. Hivyo ikizidi waweza kuitoa. Iliyomwagwa haizoleki.

CHAKULA KWA MIZANI

Samaki hulishwa kwa uzito wao. Kwa sato wanaokua, gramu 3 kwa kila gramu 100 za uzito wao kwa siku ni kiasi cha wastani. Tuseme una samaki 200, na umepima wachache ukaona kila mmoja ana gramu 100. Uzito wao wote ni kilo 20. Chakula chao cha siku ni gramu 600, nusu asubuhi jua likisha panda, na nusu alasiri. Wape mahali pamoja na saa zilezile. Baada ya robo saa hivi tazama: kilichosalia kinaelea ni ziada, kesho punguza. Chakula kisicholiwa huzama, huoza, na kuzaa sumu iitwayo amonia, ambayo huchoma matamvua ya samaki. Pumba za mahindi au za mpunga, mashudu ya alizeti, na unga wa dagaa vyatosha kwa bwawa la nyumbani, ila viwe vikavu na visiwe na ukungu.

KAZI ZA KILA WIKI

Twashauri kila nyumba iweke siku moja katika wiki kuwa siku ya bwawa, na kila mtu awe na sehemu yake. Katika siku hiyo zifanywe kazi hizi.

Kwanza, kufyeka majani ya kingoni na kuyatoa yanayoelea majini. Majani haya ndiyo nyumba ya konokono, ya nyoka, na ya viluwiluwi vya mbu. Yakifyekwa yasiachwe yakaanguka ndani ya maji. Yapelekwe kwa mbuzi au kwenye shimo la mboji.

Pili, kutazama kuta. Panya na kaa hutoboa matundu, na tundu la leo ni mfereji wa kesho. Lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri.

Tatu, kusafisha wavu wa bomba la kuingizia maji na wa bomba la kutolea. Wavu ukiziba, siku ya mvua maji hupita juu ya ukuta, nao samaki hupita pamoja nayo.

Nne, kuangalia nyayo na alama za wezi. Kenge huja mchana, mdiria hutua juu ya mti ulio karibu, na korongo husimama penye kina kifupi. Matawi yanayolala juu ya bwawa yakatwe, kwani humpa mdiria kiti na huangusha majani yanayooza. Kamba zilizofungwa kukingama juu ya maji huwasumbua ndege wakubwa.

Tano, kuwatoa samaki waliokufa mara moja, bila ya kungoja siku ya bwawa. Mmoja anayeoza huwaharibia mia.

Kwa mabwawa ya saruji au ya turubai, ambayo ni mengi mijini, kazi huongezeka kidogo. Humo hamna udongo wa kusaidia, hivyo yapasa kutoa karibu robo ya maji kila wiki, tena yatolewe yale ya chini penye uchafu, na kutia mapya. Usiyabadilishe yote kwa mara moja, kwani samaki hushtuka kwa maji mageni. Maji ya bomba la mji yaliyotiwa dawa ya klorini yakae wazi kwenye pipa siku moja au mbili kwanza. Na bwawa jipya la saruji lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutia samaki, maana saruji mpya hutoa ukali majini. Sabuni na dawa za kusafishia sakafu visikaribie bwawa kabisa. Brashi ngumu na maji matupu vyatosha.

USAFI MKUBWA BAADA YA MAVUNO

Kila baada ya kuvuna, ambako kwa sato aghalabu ni miezi sita hadi minane, bwawa la udongo huhitaji usafi mkubwa. Na hapa ndipo tunapokumbuka bakuli la Lamu. Kabla ya kufungua maji, tayarisha makazi ya wale unaotaka kubaki nao: pipa au tangi lenye maji ya bwawa lilelile, mahali penye kivuli, nao wasisongamane. Mwenye mabwawa mawili madogo amestarehe kuliko mwenye moja kubwa, maana moja huwa bakuli la jingine.

Toa maji asubuhi na mapema, jua halijawa kali. Yaelekeze kwenye bustani ya mchicha au chini ya migomba, kwani ni maji yenye rutuba. Yasielekezwe kwa jirani, wala mtoni: vifaranga wa samaki mgeni wakiingia mtoni huwasonga samaki wenyeji wa mto ule, na madhara hayo hayarudishiki.

Maji yakisha, zoa tope jeusi linalonuka kwa koleo na karai. Hili ni mabaki ya chakula na kinyesi cha miezi yote, nalo ndilo linalokula hewa usiku. Tope hilo ni dhahabu ya mkulima, litandazwe bustanini. Tengeneza kuta na sakafu, kisha liache bwawa likauke kwa jua wiki moja hadi mbili, mpaka udongo upasuke nyufa. Jua hili huua mayai ya wadudu, huua konokono, na huwaua vifaranga waliojificha madimbwini ambao wangekuja kuzaana ovyo. Sato huzaa mno, na bwawa lililojaa watoto halitoi samaki mkubwa. Ndiyo maana wafugaji wengi hununua vifaranga dume watupu, au hutia kambale wachache wawale watoto wa sato.

Kisha nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za eneo, kwa kadiri ya ukali wa udongo, sakafuni na kwenye kuta za ndani. Anayenyunyiza afunge kitambaa puani na aupe upepo mgongo, na watoto wakae mbali. Baada ya hapo jaza maji taratibu, tia mbolea kidogo, na ungoje wiki moja au mbili mpaka maji yaanze ukijani, ndipo utie vifaranga. Mfuko wa vifaranga uelee juu ya maji kama robo saa kabla ya kuufungua, ili joto la maji ya ndani na ya nje lilingane.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Bwawa lisilotunzwa halimdhuru samaki peke yake. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, Unguja na Pemba, na kandokando ya Ziwa Viktoria, kuna ugonjwa wa kichocho. Mdudu wake hupita kwa mtu mgonjwa katika mkojo au choo, huingia majini, hukaa ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Tazama basi hekima ya mafundisho yetu: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Watoto wafundishwe jambo hili kuwa ni sheria ya dini kabla ya kuwa ni shauri la daktari. Wala wasiogelee bwawani. Na mtu mzima anayeingia kufanya kazi avae mabuti ya mpira, na mikono mikavu ya mpira kama anayo.

Na mbu je? Hapa kuna jambo la ajabu. Katika wilaya ya Kisii, nchini Kenya, wataalamu walitia sato ndani ya mabwawa yaliyokuwa yametelekezwa, na katika ripoti yao ya mwaka 2007 wakaeleza kuwa viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya sehemu 94 katika 100 baada ya wiki 15. Kwa hiyo bwawa lenye samaki na kingo safi ni adui wa mbu, na bwawa lililoachwa na maji bila ya samaki ni kiwanda cha homa. Anayeona amechoka na ufugaji, afukie shimo lake au alikaushe. Asiwaachie jirani zake mbu kama urithi.

La tatu katika afya ndilo zito kuliko yote. Mtoto mdogo huzama katika maji machache mno, tena bila ya kelele. Bwawa la uani lisilo na uzio ni hatari iliyo mlangoni. Uzio wa fito au wa wavu, wenye mlango unaofungwa, ujengwe kabla ya kutia maji, usingoje pesa za mavuno. Sisi tulilia kwa samaki. Tunamwomba Mola asitulize kwa zaidi ya hao.

MASWALI YA FIKIHI

Wasomaji, khasa akina mama, huuliza: je, yafaa kutawadha kwa maji ya bwawa? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, maji yakifika kulateni mbili, ambazo ni kiasi cha lita 200 na zaidi kidogo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Na maji yanayobadilika kwa udongo, au kwa ukijani uotao humo wenyewe, au kwa kukaa sana, hubaki katika utohara wake. Bwawa la mita kumi kwa kumi, lenye kina cha mita moja, lina lita 100,000. Lakini kama kinyesi kilichotiwa humo kimeyabadilisha maji kwa rangi au harufu, hayo si ya kutawadhia. Basi mwenye nafasi atumie ya bomba au ya kisima, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Na samaki aliyelishwa uchafu je? Wanavyuoni wamezungumza juu ya mnyama anayekula najisi, kwamba nyama yake huchukiza ikiwa imebadilika harufu, mpaka alishwe kilicho safi na harufu ile iondoke. Kwa hiyo ni vizuri samaki anayetoka katika bwawa la mbolea akae siku chache katika maji safi yanayobadilishwa kabla ya kuliwa. Ajabu ni kwamba wafugaji nao hushauri vivyo hivyo, kwani hapo harufu ya tope humtoka na tamu yake huwa njema. Na samaki hahitaji kuchinjwa, naye akifa ni halali. Lakini hilo lisiwe sababu ya kumtupa mchangani akigaragara nusu saa huku watoto wakimchezea. Ihsani yataka auawe upesi.

HITIMISHO

Tumefundishwa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha akajitafutie. Bwawa ni kifungo cha samaki. Sisi ndio tuliomtoa katika mto mpana na ziwa pana, tukamwekea mipaka ya mita kumi. Tangu siku hiyo chakula chake ni juu yetu, na maji yake ni juu yetu, na hata pumzi yake ni juu yetu.

Bwawa letu tulilikausha, tukalizoa tope, tukatia chokaa, tukaanza upya. Samaki waliokufa siku ile tuliwafukia chini ya migomba, kwani ingawa ni halali, walikwisha kuanza kuharibika, na kinachodhuru hakiliwi. Harusi ilifanyika kwa maharage na wali wa nazi, na wageni waliomba dua wakaenda zao wameshiba. Na kazi ya kutazama bwawa baada ya Alfajiri tulimkabidhi yuleyule mtoto. Mpaka leo akirudi na kusema jambo, hatucheki. Twaacha tulilo nalo, twavaa viatu, na twaenda kutazama.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza amana, kubwa na ndogo, na atubarikie katika chumo letu la halali. Wabillahi tawfiq.